Likizo ya Jirani, Ankara Yangu

Nyumba yangu iko Diani, chini kabisa, kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea, bustani ya minazi, lifti, jenereta na banda la makuti la kunywea madafu kwa mrija. Majirani zangu wote wako likizoni. Likizo ikiisha huondoka, wakaja wengine, nao wako likizoni vilevile. Ni mimi tu ninayeamka alfajiri kuwahi kazi Ukunda, nikipishana na watu ambao ndio kwanza wanarudi kulala.

Wauzaji wa nyumba hizi huitangaza bei ya kununua hadi kwenye mabango ya barabarani. Ada ya kila mwezi husemwa ukishatia sahihi, tena na mtu anayetazama saa yake. Ndani yake mna walinzi, taka, bustani, dawa ya mchwa, bima, dizeli, dawa za bwawa, na kitu kiitwacho akiba ya matengenezo makubwa, ambayo kazi yake ni kuisha kabla ya matengenezo makubwa.

Kilichoniuma ni lifti. Mtu wa chini analipia lifti ya nini? Nilimfuata meneja ofisini.

"Kwani mzee wangu, na paa nalo liko kwako?" akaniuliza kwa adabu zote. "Mbona la paa hujalalamika?"

Akanieleza kwamba mgao hupigwa kwa ukubwa wa nyumba, si kwa ngazi unazopanda. Nikaona basi, kama ni kulipa, na niitumie. Ijumaa jioni nikawa napanda hadi juu, natazama bahari, nashuka. Ijumaa moja stima zikapotea tukiwa katikati, mimi na wageni wawili waliotoka bwawani wakidondosha maji. Jenereta ikakohoa mara mbili ikanyamaza, kwa kuwa kuna wenye nyumba hawakuwa wamelipa na pesa ya dizeli ilikuwa mifukoni mwao. Mmoja wao, mama mmoja, akaniuliza kwa upole, tupate la kuzungumza, mimi nakaa ghorofa ya ngapi. Nikamwambia ya chini. Hakuniuliza tena kitu.

Stima za ndani ya nyumba ni juu yako mwenyewe, kwa tokeni. Unatuma elfu moja, unaletewa tarakimu 20 za kubonyeza gizani, pamoja na maelezo ya pesa yako ilikokwenda: kodi ya asilimia 16, gharama ya mafuta, mchango wa umeme wa vijijini, mfumuko wa bei, na marekebisho ya ubadilishaji wa fedha za kigeni. Hilo la mwisho hunistaajabisha. Mimi sijawahi kushika dola, lakini friji yangu inafuatilia soko lake.

Na maji? Pwani ya kusini hutegemea sana visima vya Tiwi, na siku pampu zikigoma, bomba hutoa pumzi tu. Siku moja nimejipaka sabuni kuanzia utosini, bomba likakata. Nikajifunga kikoi, nikashika ndoo, nikaelekea kwenye maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyalipia maishani. Mlinzi akanikuta nimeinama ukingoni mwa bwawa.

"Bosi, samahani. Ndoo haziruhusiwi. Bwawa la wageni hilo."

Nikamwambia mimi ni mwenye nyumba. Akasema anajua, ndiyo maana ananiambia kwa heshima. Hapo povu limeshaanza kukauka na kunivuta ngozi ya uso, na wageni wameshusha vitabu vyao kutazama. Tuliafikiana hivi: ndoo haziruhusiwi, lakini kanuni iliyobandikwa ukutani inamtaka kila mtu ajimwagie maji kwenye bomba la kando kabla ya kuingia bwawani. Bomba hilo lilikuwa na tangi lake. Nikaoga pale, hadharani, mbele ya familia nzima kutoka Nairobi, kwa kufuata kanuni.

Chumvi ya bahari sitaisema sana. Anayekaa ufukweni anaijua. Hula bawaba, hula kitasa, hula mashine ya baridi hadi ikaanza kutoa joto. Upepo wa kusi nao huleta mwani ufukweni, wageni wakashtaki kwa meneja kwamba bahari inanuka, na kijana wa reki akaongezwa kwenye ankara.

Lakini hakuna kama makuti. Bibi yangu kule Msambweni alihangaika umri wake wote aondokane na makuti, aezeke mabati. Siku alipofanikiwa alichinja kuku. Leo mjukuu wake analipa kila mwezi ili makuti yabaki, maana wageni wanayapenda. Miaka michache tu huoza, kima wanayachezea kila asubuhi na kuyafumua, na watu wa bima wakiyaona kalamu huwa nzito. Mlinzi mmoja ameajiriwa na manati kiunoni kwa ajili ya kima tu. Kima wameshamjua. Wanangoja aende chai.

Mkutano mkuu uliitwa ili tuezeke upya. Huwezi kujitoa: sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inamfanya kila mwenye nyumba kuwa mwanachama wa shirika la jengo, apende asipende. Wengi walihudhuria kwa simu, kila mmoja kutoka nchi yake, mmoja akiwa amejifunga blanketi. Mjerumani wa ghorofa ya tatu, ambaye Katiba ya 2010 inampa miaka 99 tu juu ya ardhi hii, alitaka makuti ya plastiki yadumu zaidi. Mimi ambaye wajukuu zangu watazikwa hapahapa nilitaka ya bei rahisi. Tulibishana hadi simu zikaanza kuzimika, kisha nikaomba nafasi nikasema yote: lifti, dizeli, ndoo, manati. Nikapigiwa makofi. Mtu mmoja akasema mwenye uchungu kiasi hiki na hesabu anafaa kuwa mweka hazina. Akaungwa mkono kabla sijakaa.

Makuti ya plastiki yalipita kwa kura. Barua ya kuongeza ada nimeitia sahihi mwenyewe, nikaipitisha chini ya milango yote, na kwa kuwa wengi wa majirani wanakaa juu, nilipanda lifti.