Muulize Mzee Chubwi: Mji wa Samaki na Swala

*Mzee Chubwi, shikamoo.*

*Nastaafu mwezi Machi nikitimiza miaka 60. Miaka 31 nimekaa ofisini nikigonga mihuri, na kila Ijumaa mchana naota navua. Kiinua mgongo kikitoka nataka kuhama Kimara nikaishi mji mdogo wenye samaki wa kuvua na wanyama wa kuwinda. Nimebakiza miji minne: Kilindoni, Kilwa Masoko, Ifakara na Kipili. Nimechora jedwali na kila mji nimeupa alama. Kilwa ina 71, Kipili 70 na nusu. Usingizi umenipaa. Nihamie wapi?*

*Mstaafu wa Machi, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Jedwali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Umetoa alama kwa machweo ya jua. Umetoa kwa mtandao wa simu. Umetoa mpaka kwa ukarimu wa wenyeji, watu ambao hata kuwaamkia hujawaamkia. Mchagua jembe si mkulima, lakini hilo nakusamehe. Lisilosameheka ni kwamba hakuna mahali ulipoandika barafu.

Ukishuka kwenye basi katika mji wowote wa wavuvi, usiulize samaki wako wapi. Mtoto wa darasa la pili atakuonyesha kwa kidole. Uliza barafu inatoka wapi na gunia ni shilingi ngapi. Mji wenye barafu ya karibu, samaki wake wazuri wanapanda gari la Dar kabla hujanawa uso, na wewe mkazi utakula vibua kwa bei ya Kariakoo. Mji usio na barafu, asubuhi samaki ni wa bure, saa sita macho yameingia ndani, jioni kila kitu ni cha kukaanga au ng'onda. Huko ndiko utakakoishi, ndani ya mmoja kati ya miji hiyo miwili. Machweo yapo kote.

Nayasema haya kwa sababu nilishayalipia. Mwaka wangu wa kwanza pwani (mji siutaji, bado nina deni la sukari pale) nilitoka na nahodha mmoja kwa ngalawa, mshipi mkononi, ndoana moja na chambo cha ngisi. Saa mbili hakuna kitu. Kisha mshipi ukakimbia. Nguru akivuta, uzi haukusubiri uufikirie: unapita kati ya vidole kama msumeno, na mjinga hufunga ngumi. Nikafunga ngumi. Kovu ninalo hadi leo, limekaa sawasawa kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Nahodha akaunyakua mshipi, akaulegeza, akaukaza, akazungumza na yule samaki kama mtu anayembembeleza mtoto ale uji, na baada ya robo saa tukampandisha. Alikaribia kilo 12.

Furaha ikaishia ufukweni. Nyumbani tulikuwa wawili na hatuna friji. Barafu ya karibu ilikuwa mji wa pili, saa moja kwa bodaboda. Nikaamua kumuuza, na kwa kuwa mimi si mchuuzi, nikataja bei ya chini ili nimalize niende nikafunge kidonda. Kumbe nimevunja mnada. Wanaume waliokesha baharini wakiwa na mkopo wa mafuta ya mashine walinitazama vile unavyomtazama mtu aliyekohoa kwenye sufuria. Kesho yake hakuna aliyenipa nafasi chomboni. Katika miji yako yote minne, mwanangu, uvuvi ni kazi. Hakuna mtu anayevua ili apumzike. Wao wakitaka kupumzika hukaa barazani wakacheza bao, na ukimwambia mtu unaamka saa tisa usiku kwa hiari yako, atamwita mkeo pembeni amuulize kama unaumwa.

Haya, miji yenyewe.

Kilindoni nakupa kwa ufupi. Iko Mafia, na Mafia ni kisiwa; wanyama wa kuwinda hawakuogelea kuja kukusubiri, ukiacha viboko wachache ambao wenyeji husema waliletwa na mafuriko ya Rufiji, nao usiwaguse. Upande wa kusini na mashariki kuna Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, tangu 1995, na kuna sehemu hata mshipi huruhusiwi kuushusha. Kuanzia Oktoba papa potwe huja mbele ya Kilindoni kula. Ni mkubwa kuliko daladala, hana neno na mtu, na ukimwona kwa mara ya kwanza utasahau kwamba ulikuja na ndoana. Ukitaka kutoka kisiwani unapanda boti kwenda Nyamisati. Kusi likivuma, unapanda boti kwenda Nyamisati ukitapika.

Ifakara ina kitoga, kambale na perege wa Mto Kilombero, mchele mzuri, na mbu. Kuhusu mbu sina la kuongeza. Taasisi ya Afya Ifakara imejijengea jina duniani kwa kuwachunguza mbu na malaria, na hakuna anayejenga maabara ya mbu mahali pasipo na mbu. Kama ulitarajia kumwinda sheshe katika bonde lile kwa sababu mjomba wako alifanya hivyo zamani, jua kwamba mwaka 2023 pori tengefu la Kilombero lilipandishwa kuwa pori la akiba. Mambo ya mjomba yamekwisha.

Kipili ndiko moyo wako uliko. Nimeona ile nusu alama, mkono ulikuwa unatetemeka. Sikulaumu. Maji ya Tanganyika asubuhi yanaonyesha mpaka mawe ya chini, na kuhe aliyebanikwa na chumvi tupu hahitaji mpishi. Lakini ziwa lile lina kina cha meta 1,470, na upepo wake hautumi barua. Pia ziwa lenyewe huenda likizo siku hizi: mwaka 2024 lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Wavuvi wana nyavu za kushona na mashamba ya kupalilia. Wewe ungekuwa na jedwali. Halafu pima umbali wa kwenda Sumbawanga siku ambayo presha imepanda, maana mtu wa miaka 60 hahesabu samaki tu.

Inabaki Kilwa Masoko, nami ningekuwa wewe ningeanzia hapo, ingawa si kwa sababu ya alama 71. Kwanza Serikali ilipachagua pajengwe bandari ya uvuvi, na bandari ya uvuvi, kwa lugha yetu hapa, maana yake ni barafu. Pili, bahari yake imetulia nyuma ya visiwa. Mzee mwenye mtumbwi mdogo anaweza kushusha mshipi akapata changu na tasi wa mchana bila kuonana na mawimbi makubwa. Nenda dikoni alfajiri. Utakuta samaki wamelazwa juu ya turubai kwa mafungu, maji ya bahari yakimwagwa juu yao kwa kopo la rangi, na dalali anapiga bei haraka mpaka unadhani anasoma dua. Mama mmoja mwenye ndoo ya bluu haongei kabisa, anainua nyusi tu, na fungu zuri linakuwa lake. Kaa karibu na huyo mama. Mwezi mzima usinunue, tazama.

Ubaya wa Kilwa ni barabara. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 Rufiji si kikwazo tena, lakini Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakajipanga yakisubiri. Mwenye barafu siku hizo barafu yake iliyeyuka. Usihamie bila unga wa wiki mbili ndani.

Sasa uwindaji. Hapa jedwali lako linazama bila kupiga kelele. Bunduki kwanza: kibali chake unakiomba polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na watakuuliza maswali ambayo hata wakwe hawakukuuliza. Kisha leseni ya uwindaji, ambayo haisemi "mnyama". Inasema mnyama gani, wangapi, eneo gani, muda gani. Usiku hapana. Kutoka ndani ya gari hapana. Hifadhi ya Taifa hapana kabisa, na kumbuka kwamba mwaka 2019 upande wa kaskazini wa Selous uligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo ramani uliyonayo ukutani, kama ni ya ujana wako, itakupeleka mahakamani. Na vitalu unavyovisikia vina wenyewe, wageni wanaolipa kwa dola kwa nyati mmoja fedha za kujengea nyumba yako ya Kilwa.

Kama hamu ni ya nyama, kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu bucha za nyamapori zilizosajiliwa. Unapanga foleni na kupewa risiti, na hutembei na miiba miguuni. Kama hamu ni ya kutembea porini alfajiri ukinyamaza, hiyo haihitaji bunduki.

*Mzee, shikamoo. Mimi ni mgeni katika mji mdogo ulio karibu na pori. Jirani yangu huniletea nyama usiku, imefungwa kwenye kiroba. Anasema ni mbuzi. Juzi nilipata mfupa wa paja, ni mrefu kuliko mwanangu wa darasa la kwanza. Nimuulize?*

*Mla Mbuzi*

Usimuulize. Usipokee. Mwenzio akikutwa na twiga mnaitwa wote wawili, na kwenye kesi za nyara za Serikali watu wamefungwa miaka 20. Hakuna mbuzi wa paja hilo, hata wa maonyesho ya Nanenane.

*Mzee Chubwi, habari yako. Mimi ni fundi wa magari hapa Thika na nimechoka na kelele. Nataka kuhamia mji mdogo niwe nikiwinda kanga asubuhi na kuvua jioni. Nimebaki na Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, na Kiganjo, huko Nyeri. Rafiki yangu anasema Kalokol ploti ni bei rahisi sana. Wewe waonaje?*

*Fundi, Thika*

Nzuri, fundi. Kanga waache walivyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuufungua mlango huo. Ukitaka kanga, fuga. Wanapiga kelele kuliko gereji.

Kalokol ploti ni rahisi kwa sababu zake. Wanorwe walifika kule na fedha nyingi na nia njema, wakajenga kiwanda cha kugandisha samaki, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipiga hesabu ya samaki na ya soko. Kugandisha minofu katikati ya jangwa, kwenye jua lile, kulihitaji umeme na maji safi ambavyo gharama yake ilimeza faida yote, na kiwanda kikanyamaza karibu mara tu kilipoanza. Kisha maji ya Ghuba ya Ferguson nayo yakarudi nyuma, wavuvi wakabaki wanatazama mchanga. Mbuta na ngege bado wanavuliwa ziwani, nao wanakaushwa kwa jua lile lile lililowashinda Wanorwe, bure. Umeona sasa kwa nini namkera yule mzee wa Kimara na habari za barafu? Ukienda Kalokol, nenda na chumvi.

Kiganjo ni kinyume chake: maji yenyewe ni barafu. Samaki wa huko ni trauti, mgeni aliyeletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na huvuliwa kwa chambo cha manyoya kinachofungwa kifanane na mdudu. Unasimama ndani ya mto, miguu imekufa ganzi, ukimdanganya samaki kwa unyoya wa kuku. Ni mchezo mzuri kwa mtu mwenye mikono ya kuunga waya. Wewe ni fundi. Nenda Kiganjo, lakini spana zako zibebe, kwa sababu pikipiki zinaharibika kila mahali na trauti hawalipi kodi ya nyumba.

*Mzee Chubwi, shikamoo. Nimeona karatasi ya mume wangu juu ya meza, yenye miji na alama, na bahasha yenye jina lako. Nakuomba ujue haya kabla hujamjibu. Hajawahi kupaa samaki. Mwaka jana kambale aliruka kwenye karai akakimbilia chumbani, yeye, si kambale. Mimi nina cherehani yangu na wateja wangu hapa Kimara, na kliniki ya presha yake iko hapa hapa. Siyo kwamba nakataa. Nataka tu kujua nifanyeje.*

*Mke wa Mstaafu*

Marahaba, mama. Barua yako imefika siku mbili baada ya yake, nikiwa nimekwisha kumtajia Kilwa. Nisamehe.

Usikatae. Ukikataa, atakuwa na adui, na kwa mwanamume aliyekosa ofisi hiyo ni zawadi kubwa. Mwambie aende mwezi mmoja, akapange chumba. Uchague mwezi wewe: mpe Mei, mvua za masika hazijaisha na kusi ndiyo linaanza. Kadi ya benki ibaki kwenye kopo la vifungo. Mfungashie dawa zake za presha, kisu kimoja, chumvi, na viatu vya mpira. Jedwali alibebe mwenyewe.

Akipiga simu wiki ya kwanza atakusimulia machweo. Wiki ya pili atakusimulia samaki. Hapo usimwulize alikuwa mkubwa kiasi gani. Muulize gunia la barafu ni shilingi ngapi. Akijibu papo hapo, na kukutajia jina la anayeiuza, na kulalamika kwamba imepanda, anza kuwaaga wateja taratibu na uulize Kilwa nani anashona sare za shule. Akisema "subiri nikuulizie," mwekee chakula, anarudi Alhamisi.