Kisukari Changu, Bei ya Bibi Harusi

Bei yenyewe sitaitaja. Mama mkwe husoma safu hii, na kuna mchango wa mabati ya nyumba yake ambao bado nauzungusha. Itoshe kusema kwamba tangu nianze kununua kalamu moja ya sindano kila mwezi, nimeanza kumheshimu mwenye nyumba wangu. Kodi yake ni ya kikatili, lakini walau ukishamlipa anakuachia sebule.

Mimi ni mgonjwa wa kisukari, ile aina ya pili, ya watu wazima wenye vitambi vikubwa na vyeo vidogo. Kwa miaka nilikuwa mtu wa metformini, dawa ya wananchi, inayopatikana kila duka la dawa kwa hela ya nauli na chenji ikabaki. Haina makuu. Asili yake ni mmea, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza kwamba inashusha sukari kwa wagonjwa wake. Ubaya wake ni kukuvuruga tumbo na kukukimbiza chooni katikati ya kikao, basi. Tukaishi hivyo, mimi nayo, mpaka sukari ilipoanza kiburi. Daktari akatazama kipimo cha miezi mitatu, akatazama tumbo langu, akarudi kwenye kipimo.

"Mzee wangu, tukuongezee sindano ya mara moja kwa wiki. Itashusha sukari, na hilo tumbo nalo litasogea."

Dawa moja, kazi mbili. Nilitoka pale nikimsalimia kila mtu.

Binti wa famasi alipokea cheti, akakisoma, kisha akanitazama kuanzia viatuni. Ni mtazamo ambao wauza dawa huwa nao kabla ya kutaja bei, ili wajue kama wataje taratibu au wataje mara moja. "Baba, bima au keshi?" Bima, nikasema kwa sauti ya mtu anayekatwa kila mwezi kwenye mshahara. Akapiga simu, akaitikia "sawa, sawa" nyingi, akakata.

"Wanasema hii ni ya kupunguza uzito, baba. Inaingia kwenye urembo. Hawalipi."

Urembo! Mimi! Nina upara ulioanzia upande mmoja na kuusahau mwingine, na katika ndoa yetu yote mke wangu hajawahi kunipekua simu, kwa kuwa haoni nani angenitaka. Nilimwomba binti awapigie tena, awaambie watume mtu aje anione, aamue mwenyewe kama hapa kuna urembo unaofadhiliwa. Hakupiga. Kukawa na foleni nyuma yangu.

Mambo mengine nimeyasoma kwa hasira tu. Sindano yenyewe, Ozempic, iliidhinishwa Marekani mwezi Disemba 2017 kwa ajili ya kisukari, yaani kwa ajili yangu. Ya uzito ni ndugu yake, Wegovy, aliyeidhinishwa mwaka 2021. Ndani ni dawa ileile, semaglutaidi. Kinachotofautiana ni vipimo na boksi. Sasa wakubwa wa bima, wakiona jina hilo, wanafikiria ndugu mdogo, halafu mkubwa ananyimwa chakula kwa makosa ya mdogo wake.

Na nyuma yangu kwenye ile foleni alikuwepo dada mmoja, gari amelipaki nje likiunguruma. Dada huyo, ukimpima kwa macho, akipungua tena kidogo atakosa kivuli. Akachukua kalamu mbili. Hakuuliza bei. Alinyoosha simu, akalipa, akauliza kama ana pointi za punguzo. Tuelewane: sina ugomvi na wanene wenzangu. Unene nao ni ugonjwa, na anayeutibu ana haki yake kama mimi. Lakini muuzaji anapomwona mteja wa aina ile, aliyesimama pale kwa sababu ya gauni, bei anayoipanga ni ya gauni. Halafu mimi mwenye kisukari nakuja na cheti changu kilichokunjwa mara nne, naambiwa nilipe ya gauni.

Ukitaka kuchanganyikiwa zaidi, fuatilia ukoo wa hizi sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari mmoja wa Marekani, John Eng, alikuta katika sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila kitu kinachofanana na homoni ya utumbo wetu, ile inayosaidia kushusha sukari na kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Mjusi huyo hula mara chache tu kwa mwaka mzima. Mwaka 2005 ikatoka dawa ya kwanza ya aina hiyo kutokana naye, na hizi za sasa zikaifuata njia. Nyumbani kwangu kila chumba kina mjusi kafiri ukutani, na muda wote huu sisi tunamfukuza kwa ufagio.

Kuhusu gharama, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walipiga hesabu mwaka 2024 wakasema Ozempic inaweza kutengenezwa na kuuzwa kwa chini ya dola 5 kwa mwezi, faida ikiwa ndani yake. Kule Marekani bei iliyoandikwa kwenye orodha ilikuwa inakaribia dola 1,000. Hapo katikati sijui mnaniuzia nini, labda lile boksi, maana ni zuri kweli. Mwaka 1923 hataza ya insulini iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kwa kila mvumbuzi. Miaka mia baadaye, mwaka 2023, thamani ya Novo Nordisk, watengenezaji wa Ozempic, ikapita pato la taifa zima la Denmark, nchi yao. Kwa hiyo mimi ninapovuta pumzi na kujidunga tumboni, najiona nashiriki ujenzi wa taifa. Bahati mbaya taifa lenyewe si langu.

Ukishalipa, unadhani umemaliza. Subiri uibebe.

Sindano hii hukaa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8. Binti wa famasi huitoa kwenye friji, anaifunga na kipande cha barafu ndani ya kimfuko, anakuambia "wahi nyumbani, baba." Kuwahi nyumbani kutoka mjini saa kumi na moja jioni! Nimesimama kwenye daladala nimekumbatia kimfuko kifuani, barafu inayeyuka inanitiririkia hadi mkandani, na abiria wameanza kusogea kidogokidogo kwa sababu zao. Konda ananiambia, "Mzee, mzigo weka chini." Mzigo! Mkononi mwangu kulikuwa na matairi ya mbele ya gari lake.

Karatasi ya maelezo inasema kalamu ikishafunguliwa inaweza kukaa nje siku 56, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Aliyeandika hajalala Sinza mwezi Februari. Kwa hiyo inakaa kwenye friji, kati ya juisi ya ukwaju na kichwa cha sangara, na ndicho kitu cha thamani kuliko vyote tulivyonavyo, televisheni ikiwemo. Zamani umeme ukikatika nilikuwa najigeuza upande wa pili nalala. Sasa nashika zamu. Nimepiga marufuku mtu kufungua friji gizani, hata kwa kiu. LUKU nanunua kabla haijalia, na mwanangu wa mwisho, aliyewahi kuniona nikiingiza tokeni usiku wa manane kwa tochi ya simu, amemwambia mwalimu wake kwamba baba anafanya kazi ya umeme.

Wapo wanaonifariji kwamba dawa inajilipa yenyewe, eti kwa kuwa nakula kidogo. Nimejaribu hesabu hiyo. Nimeacha supu ya asubuhi na chapati zake, na wali wa usiku naacha nusu sahani. Ili akiba hiyo ifikie bei ya kalamu, ingebidi zamani niwe nakula ng'ombe kila wiki. Mke wangu, mhasibu wa kuzaliwa, yeye alichukua risiti akazigawa kwa kilo nilizopungua, akanionyesha jibu kwenye simu: kila kilo ya tumbo langu imetugharimu kuliko kilo ya kamba wakubwa pale Feri. "Na kamba," akasema, "tungewala."

Huko kijiweni nako hakuna shukrani. Tumbo limeanza kusogea kweli, na watu wananipa pole. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama nimetapeliwa kiwanja.

Binti wa famasi, ambaye sasa ananijua kwa jina, hunishauri nivumilie. "Subiri za India, baba." Na ana hoja. Hataza ya semaglutaidi nchini India mwisho wake ni 2026, na mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari cha aina yangu. Muhimu, si urembo. Orodha hiyo nimeichapisha naiweka kwenye pochi, siku bima wakinijibu simu niwasomee. Nasubiri. Nimekiambia kisukari nacho kisubiri, hakijajibu.

Kisha shemeji yangu akaja kunywa maji, akaiona kalamu.

"Shem! Kumbe unayo hii?"

Binti yake ana send-off Disemba, sare imeshashonwa, na imeshonwa kwa matumaini. Akataka nimdunge moja tu. Nikamweleza kwamba kalamu haitumiwi na watu wawili hata ukibadilisha sindano, kwamba daktari huanza na kipimo kidogo akapandisha taratibu, la sivyo siku ya send-off atakuwa anatapika badala ya kucheza. Akasema basi, kuna mtu mtandaoni anauza za Dubai, hazina boksi. Nikamwambia mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya Ozempic bandia. Akafikiri, akasema suluhisho rahisi: gharama ya sindano zake ataiingiza kwenye bajeti ya kamati ya send-off, chini ya maandalizi ya mama wa bibi harusi. Nani atapinga?

Na kweli, hakuna aliyepinga. Nchi hii watu hukuchangia unapooa na unapokufa. Hapo katikati unajitegemea. Nikaona kama ndivyo, kwa nini kisukari nacho kisiwe na kamati? Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaingiza ndugu, wafanyakazi wenzangu na majirani. Shemeji akachaguliwa mhazini kwa uzoefu wake. Mwenyekiti akapatikana, katibu akapatikana, ahadi bado.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi, baa moja hapa hapa Sinza. Katibu ameshaandika kwenye kundi kwamba wameagiza mbuzi mzima na kreti mbili za kuanzia, na kwamba mgonjwa afike mapema kushika meza, alipie, kwa kuwa yeye mwenyewe hatakula sana.