Wiki ya Kupima Matusi

Jumatatu
Nimemaliza hadithi yangu ya Ron na Hermione saa sita usiku, baada ya zamu. Ni hadithi ya mashabiki: wahusika ni wa J. K. Rowling, visa ni vyangu, malipo hakuna. Kabla ya kuipokea, hifadhi ya Archive of Our Own inataka nichague daraja: wasomaji wote, vijana wa miaka 13 na zaidi, watu wazima, au mambo yasiyofichwa hata kidogo. Ron husema "bloody hell" kila anaposhtuka, na Ron ni mtu wa kushtuka. Anayeamua ukali wa neno hilo ni mwandishi mwenyewe. Mwandishi mwenyewe alisomea Kiingereza Tanga, kwa vitabu ambavyo ndani yake hakuna mtu aliyewahi kujigonga kidole kwa nyundo. Wali umeungua.

Jumanne
Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Leeds, nimemuuliza bibi wa chumba cha mwisho, mwenye miaka 91. Amesema mwanamke mwenye adabu zake hatamki "bloody". Kisha akaonja chai, akasema ni "bloody" baridi. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1914 Bi Patrick Campbell alilitamka neno hilo jukwaani London, katika mchezo wa Pygmalion wa Bernard Shaw, na magazeti hayakulala. Akajibu kwamba yule alikuwa mwigizaji. Nikalitamka mimi, polepole, anisahihishe matamshi. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Ijumaa nina mafunzo ya lugha ya staha.

Jumatano
Nimefarijika: mizani rasmi ipo. Mwaka 2016 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, iliwauliza wananchi kila neno lina ukali gani, ikayapanga kuanzia jepesi hadi kali kupita yote. "Bloody" ni jepesi. "Git", ambalo Ron humpachika kila asiyempenda, nalo jepesi. Katika kundi hilohilo limo "cow", na limo "ginger", yaani mwenye nywele nyekundu. Ukoo mzima wa Ron, akina Weasley, una nywele nyekundu, na aya yangu ya kwanza inawaeleza mmoja mmoja.

"Bint" limewekwa daraja la kati, juu ya "bloody". Waingereza walilichukua kwa Waarabu kama sisi tulivyolichukua, ila kwao liliharibikia njiani. Jioni, kwenye foleni ya dukani, nimemwita mwanangu kwa sauti: "Binti, njoo ushike kapu." Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka, akamtazama mwanangu kwa huruma, kisha akanitazama mimi bila huruma.

Alhamisi
Binamu yangu wa Ohio ameisoma hadithi. "Dada, hayo ni matusi ya kuchekesha," amesema. Kwao "bloody" halimkoseshi mtu usingizi, na "wanker", ambalo hapa Leeds linaweza kuvunja ujirani, wao hulitania tu. Amenishauri nifuate hesabu ya filamu za Marekani. Tangu daraja la PG-13 lianzishwe mwaka 1984, lile neno kubwa linaloanza na F kwa kawaida huvumiliwa mara moja; likirudiwa, filamu hupandishwa kuwa R. Ndiyo maana The King's Speech ya mwaka 2010 ilipewa R kwao, kwa sababu mwenye kigugumizi alimwaga matusi mbele ya mwalimu wake wa matamshi. Waingereza waliipa 15, wakatafakari, wakaishusha hadi 12A. Filamu ileile, kigugumizi kilekile.

Binti yangu ameniona nikihesabu kwa vidole. "Mama, lete hiyo simu." Ameiamuru igeuze kila "hell" iwe "heck". Sasa Ron akiingia chumbani anasalimia "Hecko", na kaka yake Bill na mkewe Fleur wamehama Shell Cottage, wamehamia Sheck Cottage.

Ijumaa
Mafunzo. Mkufunzi ametuonyesha ukutani orodha ya maneno ya kuepuka, akatuuliza kila mmoja anajisikiaje akiyaona. Wenzetu Waingereza wamekuwa wekundu mpaka masikioni. Mimi na Mkenya niliyekaa naye tumeyasoma kama orodha ya vituo vya basi. Tumeandikiwa kwamba hatukushiriki ipasavyo.

Utafiti uliotoka mwaka 2003 ulipima ngozi ya vidole vya Waturuki wanaojua Kiingereza. Makaripio ya utotoni yaliwasisimua zaidi yalipotamkwa kwa Kituruki. Vidole vyangu havijapimwa, lakini usiku huu nimejaribu kumpa Ron tusi la nguoni, la Kiswahili, la kule kwetu, nione tu lingekaaje kinywani mwake. Nimeandika silabi ya kwanza. Nikatazama mlango. Mama yangu yuko Chumbageni, kule Tanga, na hajawahi kugusa intaneti. Nimefuta, nikanawa mikono.

Lile la F nimeliandika jikoni mchana kweupe, huku nakatakata vitunguu.

Jumamosi
Bibi wa chumba cha mwisho ameomba asomewe. Nimefunga mlango, kwa mujibu wa mafunzo. Kila "bloody" amelipokea kwa kutikisa kichwa, kama anayetiwa moyo. Ron alipotaja jina la Yesu kwa mshangao, bibi akainua mkono. Amelelewa kanisani, amesema, na hilo halisomwi chumbani mwake. Nimemweleza kwamba Ofcom wanaliona jepesi. Ameuliza Ofcom ni nani.

Nimelifuta. Nimerudisha Shell Cottage mahali pake, nywele nyekundu nimeziacha, nimechagua miaka 13 na zaidi. Bibi ameuliza kama umri wake unaruhusu. Nimemwambia unaruhusu.