Daraja la Kupitisha Maji Juu

Kwingineko daraja hukaa juu na maji yakapita chini. Hapa Lokichar tumeishi miaka mingi na mpango wa kinyume. Barabara ya Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Wanorway katika miaka ya 1980, na kila ilipokutana na laga, wahandisi walipiga hesabu ya mtu mwenye akili timamu: mto ambao ni mchanga mtupu miezi nenda miezi rudi, wa nini kuujengea matao na nguzo? Mawe na zege vikamwagwa papo hapo sakafuni mwa mto, kingo zikashikiliwa kwa mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, vigingi vikasimamishwa kandokando ili dereva ajue barabara inaishia wapi. Maji yakija, yapite juu. Gari lisubiri. Hiyo ndiyo drifti.

Wanorway hao hao walitujengea pia kiwanda cha kugandisha samaki kule Kalokol, na haukupita muda Ghuba ya Ferguson ikakauka, Ziwa Turkana likajiondokea na samaki wake. Mwaka 1990 Rais Moi akavunja uhusiano na Norway kwa ugomvi wa kisiasa usiohusu samaki wala zege. Wageni wakafunga virago. Drifti zikabaki, na kwa maoni yangu ndicho kitu pekee katika mradi mzima kilichoelewa mapema kwamba Turkana maji hufanya yanavyotaka.

Siku hizi tuna lami mpya iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia, yenye madaraja ya heshima na vyuma vya pembeni. Baadhi ya drifti za zamani zimeachwa huko kichakani, zimezungukwa na mathenge, hazina mtu wa kuzisalimia. Hapo ndipo Mjomba anapoingia.

Mjomba ni fundi wa mawe mstaafu. Ujana wake wote umeishia kwenye mawe ya Ndarugo na nyumba za Thika, na hawezi kuingia kwa mtu bila kupapasa ukuta. Alishuka kwenye basi la Kitale akiwa mweupe kwa vumbi, akanywa chai, akagonga ukuta wa nyumba yetu kwa kidole, akaguna. Nyumba ni ya kupanga, lakini ule mguno uliniuma.

"Mpwa, huku hamna kazi yoyote ya mawe ya zamani nikaione?"

Nilianza kumweleza kuhusu Lodwar, mahali Mzee Kenyatta alipowekwa kizuizini kuanzia 1959 baada ya kutolewa gereza la Lokitaung. Mke wangu, aliyekuwa na nguo za kufua na hakutaka wanaume wamkanyagie povu, akanikatiza. "Si umpeleke akaone daraja la kale la mawe? Lile la porini."

Daraja la kale la mawe! Mjomba alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha. Akafungua begi lake. Nguo zilikuwa chache, lakini futi ilikuwemo, timazi ilikuwemo, na pima maji ya mbao aliyokuwa nayo tangu alipomaliza uanagenzi, imelainika kwa jasho kama mpini wa jembe. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameinamia beseni.

Tulipanda boda watatu. "Mzee akae katikati," dereva akaamuru, "na mwalimu anyanyue miguu." Pima maji ilikuwa ndefu kuliko nafasi tuliyokuwa nayo, basi kila shimo la njiani lilinipiga mbavuni. Tulipoacha lami na kuingia kichakani, mwiba wa mathenge ukafanya kazi yake na tairi la nyuma likalala. Dereva hakushangaa hata kidogo. Alitoa kiraka na gundi mfukoni kama mtu anayetoa leso. Mti huu wa mathenge ulipandwa kuzuia jangwa, ukazuia na kila kitu kingine. Watu wa Baringo waliwahi kuishtaki serikali kwa sababu yake, na mahakamani wakampeleka mbuzi aliyeharibiwa meno na maganda yake awe kielelezo. Mjomba alipoisikia hadithi hiyo aliuliza kitu kimoja tu: yule mbuzi aliapishwa?

Tukafika. Mjomba akatembea hatua kadhaa, akaweka mkono juu ya macho, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Sasa liko wapi?"

"Umelikanyaga, Mjomba."

Akatazama chini. Alikaa kimya kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Nilitarajia matusi. Badala yake akapiga magoti kwenye zege lile la moto wa saa tano, akapuliza mchanga kwa mdomo, akaanza kusoma viungo vya mawe kidole kwa kidole. Ile sura ya kuguna ikaondoka.

"Huyu aliyejenga hakuwa na haraka," akasema.

Kijana mchungaji alikuwa amesimama na mbuzi wake, ananitazama mimi na kumtazama mzee, akitafuta nani kati yetu ni mgonjwa. Mjomba akamwita. Akailaza pima maji juu ya drifti, akamwonyesha kile kipovu kinachotembea ndani ya kioo. "Kikisimama hapa katikati ya mistari, kazi imenyooka. Kikikimbia, fundi ni mwongo." Kipovu kikatetemeka, kikasimama katikati. Kijana akatikisa kichwa kwa heshima. Beberu mmoja akatafuna ncha ya kamba ya timazi.

Mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu hata la kufunika kobe. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku huko milimani, na laga haina desturi ya kutuma barua. Kijana ndiye aliyejua kwanza. Aligeuza shingo upande wa juu wa mto, kisha bila kutuambia neno akaanza kuwarushia mbuzi mawe. Nikasikia mngurumo. Dereva wa boda, ambaye alikuwa bado hajalipwa, alipiga kelele kwa lugha tatu.

Kila mtu alikimbilia ulikoelekea uso wake, ndiyo maana mimi na dereva tulijikuta ng'ambo hii, na Mjomba na mbuzi ng'ambo ile. Maji hayakuja kwa kasi ya sinema. Yalikuja yakitambaa, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma mbele povu, vijiti, samadi na ndara moja ya bluu. Kisha nyuma yake yakaja maji yenyewe. Vigingi vikamezwa kimoja kimoja. Mjomba alikuwa ameokoa futi mkononi na timazi shingoni. Pima maji niliiona ikinyanyuka taratibu kutoka kwenye zege, ikageuka mara moja, ikaondoka.

Kilichoniudhi ni kwamba daraja jipya lilikuwa pale pale, mwendo wa kutema mate mara chache. Matatu za Lodwar zilipita juu yake zikipiga honi, abiria wakitupungia mikono. Nikamtuma dereva azunguke amlete mzee. Akaenda, akarudi peke yake.

"Amekataa. Anasema hajamaliza kuangalia."

Basi tukasubiri, kama walivyosubiri watu wa barabara hii miaka yote kabla ya lami mpya: malori ya Juba, mabasi, magari ya kupeleka chakula kambini Kakuma, ambako nako mto Tarach una tabia hizi hizi. Mwishoni mwa 2019 mvua ziliharibu barabara hata malori yaliyokuwa yakibeba mafuta ghafi ya Lokichar kwenda Mombasa yakasimama. Mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda, hivyo yalisafirishwa yakiwa ya moto. Lakini laga haijali umebeba nini. Nilikaa chini ya mgunga nikajifariji kwamba kama mafuta ya taifa yalisubiri, mwalimu ni nani. Jioni maji yalipopungua hadi kifundo cha mguu, Mjomba alivuka akitembea kwa fimbo ya kuazima, akipapasa kila jiwe kwa unyayo. Hakuzungumzia pima maji njia nzima. Nyumbani hakumaliza chakula.

Asubuhi akadai turudi. Kijana alikuwa anatusubiri pale pale, pima maji begani kama bunduki. Aliikuta imenasa kwenye mathenge upande wa chini.

"Mia mbili," akasema.

Mjomba akaipokea, akaigeuza, akakunja uso wa fundi anayenunua mbao. "Hii imeingia maji, imeharibika. Nitakupa hamsini."

Kijana akaichukua mikononi mwake bila haraka. Akachutama kwenye drifti, akapuliza tope kwa mdomo, akailaza. Kipovu kikatetemeka, kikasimama katikati ya mistari. Akamtazama mzee.

Mjomba akatoa mia mbili. Kijana akaomba na ishirini ya maji ya kunywa.