Gauni Jekundu, Kwa Muda

Ndani ya Photoshop, gauni la bibi harusi linawaka wekundu. Likifunguliwa kwenye programu nyingine, limepauka kana kwamba limelowekwa kwenye jiki. Mpiga picha analaumiwa. Kioo cha kompyuta kinafutwa kwa kitambaa.

Picha haina kosa. Imehifadhiwa kwa mfumo wa rangi wa Adobe RGB, na programu ile, kwa uvivu wake, haikusoma wasifu wa rangi uliomo ndani ya faili. Ikajiamulia kuwa ni sRGB, mfumo mwingine, ule wa HP na Microsoft wa mwaka 1996.

Na Adobe RGB yenyewe, mheshimiwa wa mwaka 1998? Wahandisi wa Adobe walichukua namba kutoka waraka wa viwango vya televisheni, wakakosea kunakili. Watumiaji walikuwa wameshaipenda, basi kosa likaachwa, likabadilishwa jina tu kuwa Adobe RGB.