Makali ya Stima

Huku Mweiga kisu butu hakijawahi kumlaza mtu njaa. Kuna kinoo, kuna tupa ya panga, kuna ukingo wa tangi la maji. Mambo yakizidi, unapindua kikombe cha udongo na kunolea pale kitakoni pasipopakwa rangi. Tena kuna fundi wa baiskeli: anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, na akina mama wanaleta visu pamoja na udaku.

Shemeji yangu wa Nairobi, hata hivyo, aliona tunateseka. Akatuletea mashine ya umeme ya kunoa visu, yenye mianya mitatu. Wa kwanza hukwangua chuma hadi makali mapya yatokee, wa pili huyasawazisha, wa tatu huyang'arisha. Kila mwanya hukishika kisu kwa pembe yake, hivyo mkono unaotetemeka si kisingizio tena. “Mnavuta polepole tu, msikandamize,” alituagiza.

Stima tunaiheshimu. Uzio wa umeme wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi, humzuia ndovu asivune viazi vyetu. Kinachomweza ndovu kitashindwaje na kisu cha sukuma wiki?

Hakikushindwa, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Jikoni kwetu kila mtu alikuwa amezoea kukata kwa nguvu za bega. Visu viliponolewa, zile nguvu hazikupunguzwa. Kitunguu kilikatika, ubao ukachimbika mitaro, na plasta zikawa zinanunuliwa pamoja na nyanya. Kijana mmoja wa nyumbani akapitisha kisu cha mkate kwenye mwanya wa kwanza, kikatoka kibogoyo.

Shosho, bibi yetu, alificha kisu chake ndani ya kiondo. “Hiyo hainoi, inakula,” alisema. Hakukosea. Mara nyingi makali hayajaisha, yamejikunja tu, na yanahitaji kunyooshwa. Ule mwanya wa kwanza haujui hilo: kila ukipitisha kisu, nao unabaki na chuma chake kidogo.

Kisha ikaja ngurario, harusi ya kimila, ya mpwa wangu wa kike. Anayejua sherehe hii anajua kwamba bwana harusi hukata kiande, bega la mbuzi, mbele ya umati. Utamu uko katika kumwona akitafuta kiungo huku kisu kikiteleza, jasho likimtoka, na mashangazi wakiuliza kama msichana wao ataolewa au atazeeka akingoja. Ucheshi wote huo huhitaji kisu kisicho na haraka.

Shemeji akamkabidhi kisu kilichotoka mashineni asubuhi hiyo. Kijana akaegemea kwa nguvu zake zote, kama alivyofunzwa na wajomba. Kisu kikapita nyama, kikapita kiungo, kikazama kwenye ubao. Kufumba na kufumbua, kiande kilikuwa vipande viwili. Mashangazi wakabaki midomo wazi, matusi waliyoyaandaa wiki nzima yamewaozea kooni. Mshereheshaji akakagua maikrofoni yake, ingawa ilikuwa nzima.

Bwana harusi akataka kukichomoa kisu amkatie bibi harusi kipande. Kikagoma. Akavuta kwa mkono mmoja, akavuta kwa miwili, ubao ukanyanyuka nacho, nyama ikaanza safari ya kuelekea mapajani mwa wazee.

“Kukata ameweza,” Shosho akapaza sauti. “Kutoa ndiko kunamshinda!”

Hema likalipuka kwa vigelegele, na wazee wa upande wetu wakaona ni vyema hesabu ya mbuzi wa mahari ipitiwe upya.