Mtahini Mwenye Makucha

Sphinx wa Thebes, yule wa hekaya za Wagiriki, ametukanwa vya kutosha. Ameitwa zimwi, mla vijana, balaa lililotumwa na Hera, na hakuna aliyejitokeza kumtetea. Basi na atetewe kutoka Muhokya, magharibi mwa Uganda, kando ya barabara ya Kasese kwenda Mpondwe, ambako simba wa Hifadhi ya Queen Elizabeth ni majirani na kila Novemba watoto wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE.

Sura yake isimtishe mtu. Kichwa ni cha mwanamke, mwili wa simba, mabawa ya ndege. Mtoe mabawa, na wafugaji wa kijiji cha Hamukungu watakwambia wameshaona vya kutisha zaidi zizini mwao.

Utahini wake ndio wa kusifiwa. PLE ina masomo manne, kila moja hupewa daraja kuanzia 1 hadi 9, kwa hiyo hodari hupata jumla ya 4 na aliyeanguka kabisa 36, kisha wazazi wakae roho juu wakisubiri majibu. Sphinx alikuwa na swali moja tu: ni nani atembeaye kwa miguu minne, kisha miwili, kisha mitatu? Hakudai ada wala sare, na matokeo yalitoka papo hapo. Mwandishi wa kale Apollodorus anasimulia kwamba watu wa Thebes walikutana mara kwa mara kulijadili swali hilo. Yaani karatasi ilivuja, mji mzima ukaisoma, na bado wakafeli! Mtahini gani mwingine anaweza kujivunia hilo?

Ni kweli, aliwala waliokosa. Lakini Kiswahili nacho, hiki kinachovuka mto Lubiriha, mpakani na Kongo, pamoja na wachuuzi wa Kasindi, hakimwachi mshinde hivi hivi: akishindwa kutegua kitendawili huambiwa atoe mji. Thebes mambo yaligeuka. Oedipus, yule ambaye Samuel Mushi, alipotafsiri tamthilia ya Sophocles, alimleta kwetu kwa jina la Edipode, alitegua akapewa mji wenyewe, pamoja na malkia wake. Kwamba malkia alikuwa mama yake mzazi, hilo Sphinx hakulitunga. Yeye alipojibiwa alijirusha kutoka juu akafa, bila rufaa wala kuomba karatasi isahihishwe upya.

Waandishi wa watoto wamemtendea haki zaidi kuliko washairi wa kale. J. K. Rowling, katika kitabu cha nne cha Harry Potter (2000), anamweka ndani ya mzingile wa vichaka, naye anatoa masharti yaliyo wazi: ukijibu sawa, unapita, ukikosea, unashambuliwa, ukinyamaza, unarudi salama. Hilo la mwisho lingewafaa wengi katika karatasi ya hesabu.

Rick Riordan, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuishi kwa kalamu, alimdhihaki, na dhihaka yake ni heshima iliyofichwa. Katika The Battle of the Labyrinth (2008) Sphinx ameacha mafumbo. Sasa anauliza mji mkuu wa Bulgaria na kutaka majibu yajazwe kwa penseli. Annabeth, binti wa Athena, anayajua majibu lakini anakasirika: amekuja kufikirishwa, anaulizwa vya kukariri! Uganda nayo ilikuwa na malalamiko ya namna hiyo ilipoanzisha mtaala mpya wa sekondari za chini mwaka 2020, unaompima mwanafunzi kwa anachoweza kufanya. Hakuna aliyemshukuru Sphinx, aliyeyajua hayo kabla ya Sophocles kuzaliwa.

Angeomba kazi Muhokya leo, tatizo lingekuwa makaratasi tu. Wizara ya Elimu ingemtaka cheti cha ualimu, na Mamlaka ya Wanyamapori ingemdai kama mali yake. Wazazi wa waliofeli wangekimbilia Sheria ya Wanyamapori ya 2019, inayoruhusu fidia kwa aliyeuawa na mnyama wa porini, na karani angewauliza, kalamu mkononi, kama marehemu alimezwa na upande wa simba au upande wa mwanamke.